Betri Chini ya Kitanda: Makosa Yetu ya Hewa, Fyuzi na Chaja Katika Trela Dogo

Anayejitengenezea trela la kambi kwa mara ya kwanza huweka betri chini ya kitanda. Nafasi ipo, uzito unakaa karibu na ekseli, nyaya zinakuwa fupi, mvua haifiki. Wengi wetu tulianzia hapo, na wengi tuliilipia nafasi hiyo: betri zilizovimba, godoro lililotobolewa na asidi, plaiwudi iliyooza, usiku uliomalizikia nje ndani ya blanketi. Nayapanga haya kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia kuchagua betri hadi msimu wa pili, kwa kuwa kosa la siku ya kwanza ndilo ghali kuliko yote. Kulirekebisha ni kubomoa kitanda.

Kosa lenyewe huanzia kichwani. Mtu hutazama trela, huona madirisha mawili na tundu la paa, akaridhika kwamba hewa inatosha. Lakini hewa ya chumba haina habari na hewa ya kisanduku cha betri.

Piga hesabu. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina seli 6. Ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia huvunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa 1 ya ziada hutoa takriban lita 0.42 za hidrojeni kwa seli, yaani lita 2.5 kwa betri nzima. Hidrojeni huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Katika chumba cha mita za ujazo 10, asilimia 4 ni lita 400. Utahitaji ampea-saa 160 za chaji ya ziada, na gesi yote ibaki ndani. Si rahisi. Sasa chukua kisanduku cha chini ya kitanda chenye nafasi tupu ya lita 40. Asilimia 4 yake ni lita 1.6. Chaja inayosukuma ampea 5 kwenye betri iliyokwisha kujaa hufika hapo kwa dakika 8 hivi. Hata ampea 1 pekee huhitaji chini ya dakika 40.

Kwa hiyo kinacholipuka ni kisanduku, nawe umelala juu ya mfuniko wake. Kufungua dirisha hakubadilishi lolote humo ndani.

Kuchagua betri

Betri ya maji, ile yenye vifuniko sita vya kuongezea maji, hupatikana kirahisi na hutoa gesi kuliko nyingine. Kwa joto la nyuzi 25 huanza kutokota waziwazi kati ya volti 14.1 na 14.4, na hizo ndizo volti ambazo chaja huzitumia kuijaza. Maana yake gesi si dalili ya ubovu. Ndivyo inavyojaa.

Neno "betri kavu" limewaponza watu wengi. AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) na jeli hazina maji ya kucheza, ni kweli: oksijeni inayozaliwa kwenye bamba chanya husafiri hadi bamba hasi na kurudishwa kuwa maji, hivyo hidrojeni inayotoka nje ni kidogo. Kidogo, lakini ipo. Kila betri ya aina hii ina valvu, na valvu imewekwa kwa sababu kuna siku itafunguka. Siku hiyo mara nyingi ni ile ambayo seli moja imekufa kwa shoti ya ndani. Chaja haijui, inaendelea kushikilia volti 14.4, na seli tano zilizobaki zinabebeshwa volti 2.88 kila moja badala ya 2.4. Zinatokota, zinapata joto, joto linaongeza mkondo, mkondo unaongeza joto. Asubuhi unakuta betri imetuna mbavu. Hicho ndicho chanzo cha betri nyingi "kavu" zilizovimba katika matrela ambayo wenyewe waliambiwa hazihitaji tundu la hewa.

Lithiamu ya fosfati ya chuma, LiFePO4, haitoi gesi katika kazi yake ya kawaida. Kwa kulala nayo chumba kimoja naiona ndiyo afadhali. Ina masharti mawili tu ambayo watu huyapuuza. Isichajiwe chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujikusanya juu ya bamba kama metali badala ya kuingia ndani yake, na betri huharibika bila kuonyesha. Hakikisha saketi yake ya ulinzi ina kikomo cha baridi, maana za bei nafuu mara nyingine hazina. Pili, seli yake ikipondwa au ikijazwa kupita kiasi hutoa moshi wenye gesi za kuwaka na za sumu, hivyo hata yenyewe haistahili kufungiwa mahali ambapo moshi hautakuwa na njia isipokuwa puani mwako. Pakiti za lithiamu za baiskeli au za gari la umeme zilizofunguliwa na kuunganishwa upya ni habari nyingine. Kemia ya nyingi kati yake hushika moto kwa joto la chini zaidi, na sizishauri ndani ya chumba cha kulala, hata kama fundi ni hodari.

Kisanduku na matundu yake

Sharti kuu ni hili: kisanduku kizibwe kabisa upande wa ndani ya trela, kifunguke upande wa nje. Wengi hufanya kinyume. Hutoboa mashimo mazuri upande wa kitandani ili "betri ipumue", kisha hupaka silikoni ukuta wa nje vumbi lisiingie.

Tundu moja halitoshi. Hidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, inapanda, na haitatoka kama hakuna hewa inayoingia chini kuchukua nafasi yake. Tundu la juu liwe mahali pa juu kabisa pa kisanduku. Mfuniko wenye kuba, au tundu lililoshuka sentimita 5 kutoka juu, huacha mfuko wa gesi usioondoka.

Ukubwa wake haukisiwi. Kanuni ya Ulaya ya betri zilizowekwa mahali pamoja ina hesabu ambayo hufaa vizuri hapa: zidisha 0.05 kwa idadi ya seli, kwa miliampea 20 kwa kila ampea-saa kama ni betri ya maji inayojazwa, kwa ukubwa wa betri, kisha gawa kwa 1000. Betri ya ampea-saa 100 inatoka mita za ujazo 0.6 za hewa kwa saa. Zidisha jibu kwa 28, unapata sentimita za mraba 17 hivi. Hilo ni eneo la tundu la chini, na la juu liwe na eneo hilohilo. Duara lake lina kipenyo cha karibu sentimita 5. Kwa AGM weka miliampea 8 mahali pa 20, na eneo linashuka hadi sentimita za mraba 7. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, katika kifungu chake cha 551 cha magari ya burudani, inadai sentimita za mraba 11 juu na 11 chini kama kiwango cha chini kabisa. Kwa betri ya maji nafuata hesabu, kwani inatoka kubwa zaidi.

Hapa ndipo mpira mwembamba unapotuumbua. Mpira wa kipenyo cha milimita 25 una eneo la sentimita za mraba 5 tu, kwa hiyo hauwezi kuwa tundu la kisanduku cha betri ya maji. Unafaa kitu kingine: betri nyingi zina chuchu ndogo ubavuni ya kutolea gesi, na mpira wa saizi yake hupeleka gesi moja kwa moja nje kabla haijajaza kisanduku. Ukiutumia, ziba chuchu ya upande wa pili kwa kizibo chake, usiupinde kwa kona kali, uteremke bila bonde la kukusanya maji, na mdomo wake usielekee mbele ambako matope na upepo wa mwendo huingia. Wavu wa kuzuia wadudu ni wa lazima kwenye matundu makubwa, ila wavu hula sehemu ya eneo, mara nyingine theluthi nzima. Panua tundu ufidie.

Halafu kuna gesi ya kupikia, ambayo tabia yake ni kinyume. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Huteremka na kulala sakafuni. Kisanduku cha mtungi hutobolewa chini, cha betri hutobolewa juu na chini, na watu hujikuta wameviweka ubavu kwa ubavu kwenye shingo ya trela hadi gesi inayovuja mtungini inaingilia tundu la chini la betri, palipo na swichi na cheche. Tenganisha visanduku hivyo kwa ukuta usiopitisha hewa, na mbali iwezekanavyo. Tundu la betri lisiwe pia karibu na tundu la friji inayowaka kwa gesi, kwani nyuma yake kuna mwali. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo isikae kisanduku kimoja na betri ya maji: ina feni, ina rilei (swichi ya umeme inayotoa cheche), na ikitoa wati 2000 inapoteza kama wati 200 kwa joto.

Mwisho wa kisanduku ni uzito. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 25 hadi 30. Breki ya ghafla huigeuza kombora, kwa hiyo mkanda wake ufungwe kwa bolti zilizopita sakafu hadi kwenye fremu au bati la chini. Skurubu za plaiwudi hung'oka. Chini yake weka trei ya plastiki yenye ukingo. Trei ya alumini huliwa na asidi.

Nyaya

Tunaogopa mlipuko wa hidrojeni kwa sababu una kishindo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu kimya: kiungo kilicholegea. Upinzani wa miliomu 5 kwenye nati moja, mkondo ukiwa ampea 100, ni wati 50 za joto mahali padogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Na trela hutikisika kutwa nzima. Kaza kwa spana yenye kipimo ukifuata namba ya mtengenezaji, weka washa ya springi, kisha rudia kukaza baada ya safari ya kwanza. Washa zote zikae juu ya kichwa cha waya. Ukiweka washa ya chuma kati ya kichwa cha shaba na terminali ya betri, mkondo wote unalazimika kupita kwenye chuma kisichopitisha umeme vizuri, na hapo ndipo plastiki huyeyuka. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la haidroliki. Vilivyogongwa kwa nyundo hupita jaribio la siku ya kwanza kisha hulegea.

Fyuzi kuu ikae karibu na terminali chanya. Mafundi wa boti hutumia kikomo cha sentimita 18, nami sioni sababu ya trela kuwa na zaidi. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kiwe kifupi na kivikwe ala. Fyuzi hulinda waya, si kifaa: waya wa milimita za mraba 16 upewe fyuzi ya ampea 80, hata kama inveta "inataka" 150. Inayotaka 150 inataka waya mnene zaidi.

Kwa lithiamu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Shoti yake huweza kufikia maelfu ya ampea, na fyuzi ya kawaida ya gari hukatika ndani huku mwali ukiendelea kupita kwenye pengo. Tazama namba ya uwezo wa kukata, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao fyuzi inaweza kuukata salama. Fyuzi ya aina ya Class T hukata hadi ampea 20,000. Ile ya MRBF inayofungwa juu ya terminali hukata hadi ampea 10,000 kwa volti 14.

Unapofungua betri, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Zungushia mpini wa spana utepe wa umeme. Vua pete.

Chaja

Betri nyingi huuliwa na chaja sahihi iliyowekewa aina isiyo sahihi. Ukibadili risasi kwa lithiamu na kuacha chaja ya zamani, kuna siku itaingia kwenye hatua ya kusawazisha au kuondoa salfeti (ukoko unaoganda kwenye bamba za risasi) na kupandisha hadi volti 15.5 au zaidi. Saketi ya ulinzi itakata, ikiwa ni nzima. Nenda kinyume, chaja ya lithiamu kwenye betri ya maji, na unaweza kuishikilia juu ya 14.4 kwa saa nyingi. Kisanduku hujaa gesi na maji hukauka.

Joto lenyewe lina hesabu yake. Kwa betri ya risasi, volti za chaji zinapaswa kushuka kwa karibu milivolti 24 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Kisanduku chenye nyuzi 40 kinataka 14.0 badala ya 14.4. Chaja au kidhibiti cha sola kisicho na kipimajoto kinachogusa betri hakiwezi kujua hili. Kipimajoto hicho huja na chaja nyingi, nacho huishia kwenye boksi lake, kifunge. Betri ya risasi ikifika nyuzi 50, acha kuchaji.

Kuchaji kutoka gari linalovuta kuna udhia wake. Waya wa milimita za mraba 6 wenye mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukibeba ampea 20, hupoteza karibu volti 0.7. Betri ya risasi haitajaa kamwe, na isiyojaa hugeuka salfeti. Lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja hufanya kinyume: huvuta mkondo wote ambao altaneta inaweza kutoa hadi altaneta inaungua. Chaja ya DC kwa DC, inayopokea umeme wa gari na kuutoa kwa volti na mkondo unaoifaa betri, ikiwekwa katikati hutatua yote mawili. Ni gharama ambayo watu huiahirisha, kisha huilipa pamoja na ya altaneta.

Usiku wa kengele

Mara nyingi hutokea usiku wa kwanza wa kuchaji hadi mwisho. Kengele ya kaboni monoksaidi inalia, jiko limezimwa, hita imezimwa, hakuna moshi. Wengi huitoa betri zake na kurudi kulala wakiilaani. Vihisi vya kengele hizo, vya kikemikali, huitikia pia hidrojeni. Kengele inayolia pasipo moto, wakati chaja inafanya kazi, inakwambia gesi ya betri imefika ndani, yaani kisanduku chako kinavuja upande wa kitandani. Hata hivyo ichukulie kwanza kama kaboni monoksaidi: watu wote watoke, mlango uachwe wazi, uchunguzi ufanyike kukiwa na hewa.

Harufu ya mayai yaliyooza ni daraja baya zaidi. Hiyo ni salfidi ya hidrojeni, na huja betri inapochemshwa kupita kiasi. Ni sumu, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla usijipongeze. Zima chaja kwenye chanzo cha umeme kilicho nje. Usiguse taa, usichomoe kibano cha betri. Cheche ya kibano karibu na betri inayotokota ndiyo iliyowapasulia wengi betri usoni. Subiri ipoe kwa saa kadhaa. Betri iliyofika hapo haitumiki tena.

Lithiamu inayotoa moshi haijadiliwi. Toka, sogea mbali, waite wazima moto na uwaambie ni betri ya lithiamu. Kizimamoto kidogo cha unga huzima godoro, hakipozi seli.

Asidi ikimwagika, nyunyizia bikaboneti ya soda, ile ya jikoni, iliyokorogwa na maji hadi povu liishe. Ikiingia jichoni, maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali.

Msimu wa pili

Matunzo ni machache lakini yana tarehe. Betri ya maji ikaguliwe kila mwezi inapotumika: bamba zifunikwe kwa milimita 10 hivi. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu kuchaji huinua kimiminika na ukijaza kabla kitafurika; ila bamba zikionekana zi wazi, zifunike kidogo kwanza. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa. Lugha inatega hapa, maana "maji ya betri" wengine huyaita hayo na wengine huiita asidi hivyohivyo. Soma chupa. Terminali zisafishwe, zikazwe, zipakwe mafuta ya mgando. Betri ya risasi isiachwe chini ya volti 12.2 ikiwa imetulia. Iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Kwa lithiamu volti hazikwambii mengi, mstari wake ni bapa, hivyo tumia kipimo kinachohesabu ampea-saa.

Na matundu. Trela lililokaa miezi michache huwa makazi. Nyigu hupenda mipira ya gesi kuliko mahali pengine popote, na udongo wao hukauka kama saruji. Kabla ya chaji ya kwanza ya msimu, chomoa mpira kutoka kwenye betri, upeleke nje na uupulize kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, kwani ndani mwaweza kuwa na asidi. Matundu makubwa yaangalie kwa tochi, ondoa wavu, upige mswaki. Wapo wanaojaribu mtiririko wa hewa kwa moshi wa udi. Fanya hivyo betri ikiwa imeshatolewa kwenye kisanduku, na moshi uingie chini, utoke juu. Usipotoka, chaja isubiri.